Kesho Ni Siku

Sina muda wa dibaji,
nina matope na maji,
fundi wetu mjuaji
aniita ukutani.

Naitwa Bi Thuweiba,
Wete kazaliwa baba,
akarudi na msiba
na Kiswahili kinywani.

Bahla, mji wa ukuta,
maili saba kukata,
nakandika na kupata
riali tisa jioni.

Ukuta huu ni wake
Kahlani, na kiu yake,
tarikhi haina pake,
mfaume wa zamani.

Nayajua kwa mavyaa
akichambua dagaa,
akisita, akikaa,
chumvi tele vidoleni.

Baba mtu alikopa,
kila deni akilipa
kwa kisima, kwa kuapa,
kwa zamu za falajini.

Wa Suhari kachukua
zamu ya kucha na jua,
wa Nizwa akanunua
zamu ya magharibini.

Siku alipotawazwa
hata wudhu uliuzwa
kwa bei ya kuumizwa
na mpima kibandani.

Hakulia, hakufoka,
alinawa, akacheka,
akasema akitoka:
“Kesho ni siku, ngojeni.”

Likawa ndilo jinale,
la Kesho, huku na kule;
walicheka watu wale
walioshika rehani.

Akaanza na Manahi
mapema ya asubuhi,
deni kalipa sahihi
na upanga mkononi.

Hamra katunisha shingo;
akaziba kwa udongo
mkondo penye mlango.
Siku ya nane: foleni.

Nizwa haikuwa hivyo.
Damu ilimwagwa ovyo,
soko la mbuzi lilivyo,
hujui mbuzi ni nani.

Kijana wa Kibalushi
alitoka kwenye moshi
na sandali ya mpishi,
ajiuliza: kwa nini?

Dadake, jina Nadhira,
Suhari kwenye tijara
aliwekwa kwa ijara
kama kitu mizanini.

Alikwenda kumtoa.
“Usirudi,” kamwambia,
“hapa maji nanunua
kwa dirhamu, kwa amani.”

Kila saa ya mkondo
iligharimu vishindo
na kodi hadi ya pindo,
na tende bado mtini.

Kodi ya punda, ya kinu,
ya arusi kule kwenu
(kaiita “deni lenu”),
hadi moto wa jikoni.

Mama mmoja, Shinuna,
alileta jino, tena
akasema, “Haya, bwana,
hili nalo lipimeni.”

Karani akalipima:
“Jino moja, mbele, zima,”
akamrudisha nyuma
apange tena foleni.

Ndipo ukuta kajenga,
maji yake kuyakinga,
watoto wakafinyanga,
udongo hadi shingoni.

Miaka kumi na mbili
akarejesha halali
kila tone, kila mali,
hakubakiza rehani.

Siku ile ya ushindi
alimwita yule fundi,
mpima, mzee Hindi,
aje na kata jioni.

“Zamu ya leo ni yangu?”
“Zako zote, bwana wangu.
Ila majembe na vyungu,
wenye navyo wamo chini.”

Maji yakawa yashuka,
hakuna wa kuyashika,
mchanga ukayateka
huko mbele, majangwani.

Hatujui kafa vipi,
wala kaburi ni lipi;
wa Nizwa husema: “Yupi?”
Nasi tuko kandikoni.

Nimebandua maganda,
ndani, palipojipinda,
kiganja, kama cha kinda,
kimeganda tofalini.

Nikaweka changu juu,
changu kikawa kikuu;
chake ni cha mjukuu
wangu alo Rustakini.

Fundi kasema, “Kandika,
wakaguzi wanafika,
usawa nimeutaka,
ukuta uwe laini.”

Nikaunyanyua mwiko.
Maji yalipita huko
chini, kama vile cheko
la mtu wa kibandani.

Nikashusha, nikasema:
“Mkono unaniuma,
na jua linainama.
Kesho ni siku, ngojeni.”